Pinboli za Williams za 1979 hadi 1981 zisipotoa sauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye mashine ambayo taa zinawaka, mpira unarushwa, alama zinapanda, lakini sauti haipo au imeharibika. Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua chipu. Mimi nashauri uanze kwingine. Bodi hizi huangushwa na umeme mbovu, soketi zilizochoka na solda iliyopasuka mara nyingi zaidi kuliko na chipu, na bodi yenyewe ina kitufe kinachokuonyesha upande wa kutafuta kabla hujashika pasi ya solda.

Nitajuaje kama mashine yangu ni ya kundi hili?

Tunazungumzia mashine za Williams ya Chicago zenye bodi kuu za System 4, System 6 na System 7. Flash ya 1979 ni System 4, na ndiyo iliyoleta mlio wa nyuma usiokatika, unaopanda kadiri mchezo unavyonoga. Gorgar ya mwaka huohuo na Firepower ya 1980 ni System 6. Black Knight, iliyotoka mwishoni mwa 1980, ni System 7. Zilitengenezwa kwa maelfu (Flash peke yake 19,505), kwa hiyo bado zipo nyingi mikononi mwa watu, na bodi zake za sauti zinafanana sana. Hata mashine za video za kampuni hiyohiyo, kama Defender, Robotron na Joust, zilitumia bodi ya ukoo huu. Mbinu nyingi utakazosoma hapa zinafaa huko pia.

Ukiona chipu mbili ndefu zenye pini 40, moja imeandikwa 6802 au 6808 (ndiyo ubongo unaopiga hesabu) na nyingine 6821 (ndiyo mlango wa kuingizia na kutolea namba), pamoja na kristali ya 3.58 MHz na kitufe kidogo kilichoandikwa SW1, uko mahali pake.

Sauti inatengenezwaje hasa?

Soma jibu hili bila haraka, maana yote yanayofuata yanalitegemea.

Bodi ya sauti ni kompyuta ndogo inayojitegemea. Bodi kuu haiitumii sauti bali namba. Namba hiyo, ambayo kwenye System 4 na 6 hupitia bodi ya draiva (bodi inayoendesha koili na taa), inateremka kwa waya tano na kuingia kwenye 6821, upande wa bandari B. Hapo 6802 inakatizwa kazi, inasoma namba, kisha inakwenda kwenye ROM (chipu inayotunza programu) kutafuta kanuni ya mlio unaotakiwa. Hakuna rekodi yoyote humo. ROM ya mlio ni baiti 2,048 tu, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni baiti 128. Mlipuko, king'ora na mngurumo vyote vinakokotolewa papo hapo. Waandishi wa programu zile walifanya kazi ya kustahili heshima, na unapokarabati bodi hii ni kazi yao unayoirudishia sauti.

Matokeo ya hesabu hutoka bandari A ya 6821 yakiwa biti nane, yanaingia kwenye 1408 inayogeuza namba kuwa mkondo wa umeme. Kutoka hapo yanapita op-amp (chipu ndogo ya kukuza mawimbi), yanakwenda hadi kwenye volyumu, yanarudi kwenye amplifaya ya TDA2002, na mwisho yanafika kwenye spika.

Kwa hiyo njia ni moja na ndefu, na ikikatika popote dalili ni ileile: kimya. Kazi yako ni kuigawa vipande viwili, kisha nusu iliyobaki uigawe tena.

Nianzie wapi?

Kwenye SW1. Washa mashine, iache kwenye hali ya kusubiri mchezaji, kisha bonyeza kitufe hicho kilicho kwenye bodi ya sauti. Kimeunganishwa na pini ya 6 ya 6802, inayoilazimisha iache kila kitu na kuanza kujipima. Programu hujumlisha kwanza yaliyomo kwenye ROM na kulinganisha jumla hiyo na namba iliyohifadhiwa. Ikilingana, bodi inaanza kupiga milio ya majaribio mfululizo hadi uzime mashine.

Ukisikia milio safi, njia yote ya sauti ni nzima, kuanzia ROM hadi spika; kisichopimwa hapo ni mahali pa kuingilia amri tu. Usiiguse bado. Tatizo liko kwenye amri, yaani bodi kuu, bodi ya draiva au waya zilizo katikati.

Usiposikia kitu, tatizo liko kwenye bodi ya sauti, umeme wake, volyumu au spika.

Kuna hali ya tatu ambayo watu huipuuza: mashine inatoa sauti wakati wa mchezo, pengine moja moja zimepinda, lakini ukibonyeza SW1 bodi inanyamaza kabisa. Hapo hesabu ya ROM haikulingana na programu imesimama kwa makusudi. ROM hiyo, au soketi yake, ndiyo ya kushughulikia.

Kuna hatari gani humo ndani?

Ipo hatari ya kweli. Kwenye mashine hizi skrini za tarakimu hutumia takriban volti 100 chanya na volti 100 hasi, na upande wa transfoma kuna umeme wa ukutani. Pima mashine ikiwa imewaka, ila chomoa plagi ukutani kila unapotoa au kurudisha kiunganishi, chipu au fyuzi. Usichomoe bodi kwenye mashine iliyowaka hata kwa sekunde moja. Vaa viatu, toa pete na saa, na ukiweza tumia mkono mmoja kupima, wa pili uwe mbali na chuma.

SW1 haitoi kitu. Nipime nini kwanza?

Umeme. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye ardhi ya bodi ya sauti yenyewe, si kwenye chuma cha mashine, kisha tafuta volti tatu.

Volti 5 zinalisha chipu za kidijitali. Ipime pini ya 8 ya 6802, si mguu wa regyuleta, kwa sababu umeme unaweza kuwa mzuri pale na ukapotea njiani. Unataka kati ya 4.9 na 5.1. Ikishuka chini ya 4.75, usiendelee na jambo jingine lolote hadi uirekebishe.

Volti 12 chanya zinalisha amplifaya. Hii haidhibitiwi, hivyo ikizidi kidogo usishtuke.

Volti 12 hasi ndiyo inayosahaulika. Chipu ya 1408 haifanyi kazi bila umeme hasi kwenye pini yake ya 3. Ukikosa umeme huo, 6802 itakuwa inapiga hesabu kama kawaida, 6821 itakuwa inatuma biti, na spika haitasema neno. Nimeona bodi za namna hii zikibadilishiwa 6802, 6821 na ROM, na ugonjwa ulikuwa dayodi moja.

Fyuzi zitoe kwenye vishikizo vyake ndipo uzipime. Fyuzi inaweza kuonekana nzima kwa macho huku imeachia ndani ya kifuniko cha pembeni. Ukiwa hapo, kagua na kishikizo: kikiwa cheusi au kimelegea, fyuzi mpya haitasaidia.

Umeme uko sawa, bado kimya. Nitatenganishaje amplifaya na kompyuta?

TDA2002 ina miguu mitano. Mguu wa 3 ni ardhi, wa 5 ni umeme, wa 4 ni wa kutokea kwenda kwenye spika, wa 1 ni wa kuingilia. Ikiwa nzima, mguu wa 4 hukaa karibu na nusu ya umeme ulio kwenye mguu wa 5. Ukiona volti 12 kwenye wa 5 na takriban 6 kwenye wa 4, amplifaya iko hai. Ukiona sifuri, au volti zilezile za mguu wa 5, imekufa.

Kisha fungua volyumu na gusa mguu wa 1 kwa ncha ya bisibisi nyembamba, kidole kikiwa kwenye chuma cha bisibisi. Spika inapaswa kunguruma. Ikinguruma, amplifaya, waya za spika na spika yenyewe ni nzima, na unarudi nyuma kuelekea volyumu na 1408. Isiponguruma, pima spika kwanza: mita ikionyesha karibu omu 8 au pungufu kidogo, koili yake haijakatika.

Usiisahau volyumu. Iko mbali na bodi, karibu na mlango wa sarafu, na sauti yote hupita huko. Kiunganishi chake kikiachia, bodi nzima itaonekana imekufa.

Nitajuaje kama 6802 inafanya kazi?

Kuna pini tatu za kutosha. Pini ya 40 ni ya kuanzisha upya: mashine ikiwashwa hukaa chini kwa kitambo kifupi kisha hupanda karibu na volti 5. Ikibaki chini, 6802 haijaruhusiwa kuanza, na kosa liko kwenye vipande vidogo vinavyoizunguka pini hiyo. Pini ya 37 hutoa mapigo ya saa, ambayo ni kristali ya 3.58 MHz iliyogawanywa kwa nne, yaani takriban 895 kHz. Kalamu ya kupimia lojiki itaonyesha mapigo bila shida. Yasipokuwepo, shuku kristali, kapasita zake mbili ndogo, au 6802 yenyewe. Pini ya 5 inapaswa kuwa na shughuli. Ikiganda upande mmoja, programu haiendi, na hapo ROM na soketi yake ni washukiwa kabla ya 6802.

Zikiwa sawa zote tatu, nenda kwenye 6821, pini ya 2 hadi ya 9, huku jaribio la SW1 likiendelea. Pini zote nane ziwe zinacheza. Moja ikiganda huku nyingine zikicheza, sauti itakuwepo ila itakuwa chafu, yenye kukwaruza.

Jambo moja kabla ya kubadilisha: 6802 ina kumbukumbu ya baiti 128 ndani yake, 6808 haina. Bodi iliyotengenezwa kwa 6808 ina chipu ya 6810 ya kuziba pengo hilo, na jampa (vipande vya waya vinavyochagua njia) zimepangwa kufuatana na hilo. Angalia jampa za bodi yako kabla ya kuchomeka moja mahali pa nyingine.

Mbona mnasema sana kuhusu soketi?

Kwa sababu ndizo zinazopoteza siku za mafundi. Soketi nyingi za wakati ule zilishika mguu wa chipu upande mmoja tu, kwa ulimi mwembamba wa chuma. Baada ya miaka arobaini na ushee ulimi umechoka na umeshika kutu. Ukichomoa chipu na kuirudisha, mguu unakwaruza kutu, mashine inapona kwa wiki moja, kisha inanyamaza tena. Mwenye mashine anaamini chipu ni mbovu, ananunua mpya, nayo inapona kwa wiki moja.

Jaribu hivi: SW1 ikiwa inalia, bonyeza kila chipu taratibu kwa kidole kikavu, au gonga ubao wa bodi kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Sauti ikikatika au kubadilika, umepata. Soketi ya 6802, ya 6821 na ya ROM zing'olewe na kuwekwa mpya zenye kushika mguu pande zote mbili. Ng'oa kwa subira. Kata soketi vipande kwanza, toa mguu mmoja mmoja, kisha fyonza solda, maana njia za shaba za bodi hizi huinuka kwa urahisi zikipashwa moto kupita kiasi.

Hukumu hiyohiyo inafaa kwa pini za viunganishi pembezoni mwa bodi. Chukua kioo cha kukuzia, elekeza taa kwa pembeni, na utazame solda ilipozunguka kila pini. Ukiona duara jembamba jeusi kama unywele, solda imepasuka. Piga solda mpya pini zote za kiunganishi hicho, siyo ile moja uliyoiona.

SW1 inalia vizuri, lakini kwenye mchezo kimya. Kwa nini?

Amri hazifiki. Kwenye System 4 na 6 amri za sauti hutoka kwenye bodi ya draiva kana kwamba ni solenoidi (koili za sumaku) namba 9 hadi 13, na utazikuta kwenye jaribio la solenoidi. System 7 ina jaribio lake la sauti. Endesha jaribio hilo kwanza.

Kisha zima, chomoa kiunganishi cha amri kwenye bodi ya sauti, washa, na gusisha pini za kuingilia amri na ardhi, moja moja, kwa waya wenye klipu. Fuata mchoro wa mashine yako ili usiguse pini isiyohusika. Kila moja inapaswa kutoa mlio. Zikitoa, bodi ya sauti haina kosa, na unapanda juu.

Huko juu, kwenye System 4 na 6, mshukiwa wa kwanza ni kiunganishi cha pini 40 kinachounganisha bodi kuu na bodi ya draiva. Kinasumbua kwenye mashine hizi hata pasipokuwa na tatizo la sauti: taa zinazojiwasha, koili zinazokwama, mashine inayogoma kuwaka. Kibadilishwe pande zote mbili, cha kiume na cha kike. Ukibadilisha kimoja hujamaliza. Na kabla ya hapo kagua betri tatu za bodi kuu. Zikivuja, majimaji yake hula shaba na miguu ya chipu, na nafuu pekee ni kusafisha kwa siki, kisha spiriti, na kuziondoa betri kabisa kutoka kwenye bodi.

Sauti zipo, lakini zisizo zake: nagonga kitu kimoja, unalia mlio wa kingine.

Waya mmoja kati ya tano umekatika au umeganda. Waya hizo hubeba namba kwa thamani za 1, 2, 4, 8 na 16. Tuseme bodi kuu inaomba mlio namba 13, yaani 8, 4 na 1 kwa pamoja. Waya wa 4 ukiwa umekatika, bodi ya sauti inapokea 9 na kwa uaminifu inapiga mlio wa 9. Milio yote isiyohitaji waya wa 4 itabaki sahihi, na ndiyo maana kosa linaonekana kama la kubahatisha. Andika kwenye karatasi milio iliyo sahihi na iliyokosewa wakati wa jaribio. Mara nyingi waya wenye kosa unajitokeza kabla hujapima chochote.

Ila kama milio yote imekuwa mifupi na ya kizamani, ya kengele tupu, tazama kwanza swichi ndogo za DIP kwenye bodi ya sauti. Moja huchagua kati ya sauti kamili na milio hiyo mifupi.

Mngurumo haukatiki, hata volyumu ikiwa chini. Ni nini?

Kapasita kubwa za kuchuja umeme zimezeeka. Kwenye umeme wa Marekani wa 60 Hz mngurumo huo huwa wa 120 Hz. Kwenye umeme wa 50 Hz, kama wa Kenya na Tanzania, huwa wa 100 Hz, mzito kidogo zaidi. Weka mita kwenye AC na pima ule umeme wa volti 5: ukiona zaidi ya volti 0.2 au 0.3, uchujaji umeshindwa. Badilisha kapasita zote za elektroliti kwenye bodi, kwa thamani ileile na volti sawa au zaidi, ukizingatia upande wa hasi. Ni kazi ya bei ndogo ambayo kila bodi ya umri huu inaistahili.

Mashine iliyoagizwa kutoka Marekani ina jambo jingine: transfoma yake inaweza kuwa bado imefungwa kwa umeme wa huko. Waya za upande wa kuingilia hupangwa upya kwa volti 220 au 240 kwa kufuata mchoro. Hakikisha hilo kabla ya kuchomeka plagi kwa mara ya kwanza.

Nikizungusha volyumu inakwaruza.

Vumbi na uchakavu. Pulizia dawa ya kusafishia viunganishi, zungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Isipopona, badilisha.

Sauti zipo, ila mashine yangu ya kuongea haiongei.

Gorgar ilikuwa pinboli ya kwanza kuongea, kwa msamiati wa maneno saba tu, na mapigo ya moyo wake yanayoenda kasi ndiyo yanayoifanya iwe hai. Mashine za namna hii zina bodi ya pili, ya usemi, iliyounganishwa na bodi ya sauti kwa utepe wa waya 40. Utepe huo ndio wa kwanza kushukiwa. Ukunje taratibu huku mashine ikijaribu kuongea; maneno yakitokea na kupotea, badilisha utepe.

Maneno yamehifadhiwa kwenye ROM za bodi hiyo kama mfululizo wa biti, na 6802 inazituma moja moja kupitia 6821 hadi kwenye chipu ya HC-55516, inayozigeuza kuwa sauti. Maneno yakikatika katikati au yakigeuka mvumo wa mchanga, shuku ROM moja ya usemi na soketi yake. Yakikosekana kabisa huku milio ikiwa mizuri, kagua swichi ya DIP ya usemi, utepe, kisha HC-55516. Chipu hii ni adimu, kwa hiyo iache iwe ya mwisho.

Ukiiondoa bodi ya usemi ili ujaribu bodi ya sauti peke yake, utasikia kimya, kwa sababu milio ya kawaida nayo hupitia huko kabla ya amplifaya. Jampa ya W1 kwenye bodi ya sauti hurudisha njia hiyo. Ikatwe tena bodi ya usemi ikirudi.

Vipuri bado vinapatikana?

Vingi. Badala ya 1408 unaweza kuchomeka DAC0808 bila kubadilisha kitu. Badala ya TDA2002, TDA2003 inakaa vilevile. Paka dawa ya kupitisha joto kati yake na bati la kupoozea. 6802 na 6821 hutoka kwenye akiba za zamani na bodi zilizokufa, na sokoni kuna zilizochapwa alama upya, kwa hiyo nunua mahali utakaporudishiwa pesa. ROM huandikwa upya kwenye chipu ya 2716; ziba kidirisha chake kwa karatasi isiyopitisha mwanga, maana mwanga wa jua hufuta yaliyomo kadiri muda unavyokwenda.

Kwa nini nisinunue bodi mpya tu?

Unaweza, na kama ya zamani imeliwa na kutu hadi njia za shaba zimekatika, fanya hivyo bila kusita. Lakini bodi ambayo SW1 inaipa hata mkwaruzo mdogo inaponyeka kwa soketi tatu, kapasita chache na jioni moja ya utulivu. Ukibadilisha, pima kwanza umeme unaoingia kwenye bodi mpya kabla ya kuichomeka, kwa sababu kosa lililoiua ya kwanza linaweza kuwa bado limo ndani ya mashine. Ya zamani iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli ukiwa umeandika juu yake yale uliyoyapima.